Endometriosisi na Saratani ya Ovari: Undugu Ulioandikwa Katika Jeni

Ndugu Mwenyekiti, madaktari wenzangu, wauguzi na wakunga, ndugu zangu wa maabara, na kina mama na mabinti mlioacha shughuli zenu ili kuja kusikiliza,

Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa kijeni uliopo kati ya endometriosisi na saratani ya ovari. Mimi ni mtaalamu wa patholojia. Kazi yangu ni kutazama kwa hadubini vipande vya mwili vilivyotolewa na wapasuaji na kusema ni kitu gani. Kwa hiyo sitazungumza kama daktari anayekaa na mgonjwa na kumsikiliza, bali kama mtu ambaye hukutana na mwanamke akiwa amebaki kipande kisichozidi ukubwa wa kucha ndani ya kichupa cha fomalini, yaani dawa ya kuhifadhi tishu isioze, pamoja na karatasi ya maombi ya kipimo.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya niukubali mwaliko huu. Mara nyingi huwa imeandikwa maneno matatu tu: uvimbe, ovari, kushoto. Haisemi kama mgonjwa alikuwa akiumwa tumbo wakati wa hedhi, haisemi kama alitafuta mtoto bila kufanikiwa, wala haisemi kama mama yake au dada yake aliwahi kuugua saratani. Elimu yote tuliyo nayo leo kuhusu jeni za magonjwa haya mawili imejengwa juu ya vipande vilivyohifadhiwa na historia zilizoandikwa, na ndiyo maana nitaanza na karatasi na mwishoni nitairudia.

Endometriosisi ni hali ambayo tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji wa mimba: juu ya ovari, kwenye mirija, kwenye utando unaofunika viungo vya tumbo, nyuma ya mji wa mimba karibu na utumbo mpana, na mara chache hata kifuani. Tishu hiyo huitikia homoni kama ile iliyo mahali pake, ikavimba na kuvuja damu, ila damu hiyo haina njia ya kutokea. Ikiwa ndani ya ovari, hujikusanya katika kifuko na kuwa nzito na nyeusi, na ndiyo maana wapasuaji huuita uvimbe wa chokoleti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, yaani watu wapatao milioni 190 duniani.

Majumbani kwetu jina lake ni chango. Binti akijikunja kitandani siku za hedhi huambiwa ana tumbo la chango, apewe mizizi, avumilie, na ya kwamba akizaa litakwisha. Wapo waliozaa na halikwisha, na wapo ambao kwa sababu ya ugonjwa huo huo hawakujaliwa kuzaa, wakabeba maumivu na lawama kwa pamoja. Namshukuru sana Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ambaye alitoka hadharani kueleza upasuaji mwingi aliofanyiwa kwa ajili ya ugonjwa huu, na ninamkumbuka kwa heshima mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, ambaye endometriosisi ilimpanda hadi kifuani na ambaye alifariki mwezi Juni mwaka 2024. Hao wawili wamewafanya Waswahili wengi walijue neno hili kuliko mihadhara yetu yote ya vyuoni.

Kwamba ugonjwa huu unaweza kuwa jirani wa saratani si habari mpya. Mwaka 1925 daktari wa Marekani, John Sampson wa Albany, alieleza saratani za ovari alizoziona zikiota kutoka kwenye endometriosisi, na akaweka masharti magumu ya kuukubali ushahidi huo: endometriosisi ionekane kando ya saratani katika ovari ile ile, na saratani isiwe imevamia kutoka mahali pengine. Alichokuwa nacho ni hadubini na macho yake. Hakuwa na njia ya kuuliza kama ujirani ule ulikuwa wa bahati au wa damu. Swali hilo lilisubiri zaidi ya miaka themanini.

Kabla sijalijibu, naomba tukubaliane juu ya jambo moja ambalo hata sisi madaktari hulisahau. Saratani ya ovari si ugonjwa mmoja. Ni jina la mahali, na mahali hapo hupatikana magonjwa tofauti yenye asili tofauti. Aina inayoongoza, takriban saratani saba kati ya kumi, ni ile iitwayo serosi ya daraja la juu, ambayo mara nyingi huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi. Nyuma yake zinafuata aina mbili, kila moja ikiwa karibu asilimia 10: saratani ya seli angavu, iliyopewa jina hilo kwa sababu seli zake chini ya hadubini huonekana kama vyumba vilivyo tupu, na saratani ya endometrioidi, ambayo sura yake hufanana na tezi za mji wa mimba. Mwaka 2012 watafiti waliunganisha takwimu za tafiti 13 na kukuta kwamba wanawake wenye historia ya endometriosisi walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kupata saratani ya seli angavu na mara mbili zaidi wa kupata endometrioidi, pamoja na aina adimu ya serosi ya daraja la chini. Kwa ile serosi ya daraja la juu, iliyo nyingi kuliko zote, uhusiano haukuonekana. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama endometriosisi huleta saratani ya ovari, jibu langu la kwanza ni kumuuliza: ipi?

Sasa tuingie kwenye jeni. Kina mama mnaponunua khanga mnajua kwamba huja katika jora. Ikiwa kiwandani rangi ilikosewa, kosa hilo litaonekana katika kila khanga iliyokatwa kutoka kwenye jora hilo, hata kama mmoja ameinunua Kariakoo na mwingine ameipelekewa zawadi Tabora. Lakini khanga yako ikiunguzwa na cheche ya mkaa, tundu hilo ni la khanga yako peke yake. Jeni zetu zina makosa ya namna zote mbili. Yapo yaliyo katika jora, yaani tuliyoyarithi kwa baba na mama, ambayo yamo katika kila seli ya mwili na hata dada zetu huweza kuwa nayo. Na yapo matundu ya cheche, yaliyotokea maishani katika seli moja ya mahali fulani na kurithiwa na seli zilizozaliwa na hiyo tu. Undugu wa endometriosisi na saratani ya ovari umepatikana katika namna zote mbili, na ni muhimu tusizichanganye.

Nianze na jora. Utafiti wa mapacha uliofanyika Australia ulionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya wanawake katika kupata endometriosisi inatokana na urithi. Urithi huo hauko katika jeni moja. Ni mkusanyiko wa tofauti ndogo ndogo nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Mwaka 2023 kundi kubwa la watafiti lililoongozwa kutoka Oxford lilichapisha uchunguzi wa wanawake 60,674 wenye ugonjwa huu na zaidi ya laki saba wasio nao, likabainisha sehemu 42 katika kromosomu zinazohusiana nao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walikuwa wamechukua ramani ya namna hiyo ya endometriosisi na kuilaza juu ya ramani ya saratani ya ovari iliyotokana na wagonjwa zaidi ya 25,000, ili kuona zinakutana wapi. Kipimo walichotumia kina maana hii: sifuri ni kwamba hakuna uhusiano, na moja ni kwamba athari za jeni zinakwenda sambamba kabisa. Kati ya endometriosisi na saratani ya seli angavu walipata 0.71. Kwa endometrioidi walipata 0.48. Kwa serosi ya daraja la juu, 0.19.

Tazameni mpangilio wa namba hizo. Ni mpangilio ule ule uliotoka kwa wanawake walioulizwa historia zao mwaka 2012, na unaendana na ujirani aliouona Sampson kwenye vioo vyake. Mashahidi watatu wasiojuana wametoa ushahidi unaofanana. Watafiti wa Queensland walikwenda mbele zaidi wakatumia jeni zenyewe kama shahidi. Jeni hugawiwa siku mimba inapotungwa, kabla ya maumivu, kabla ya dawa, kabla ya ugumba, na haziwezi kubadilishwa na yanayotokea baadaye. Ikiwa basi wanawake waliorithi mwelekeo wa endometriosisi ndio wanaopata zaidi saratani ya seli angavu na ya endometrioidi, ni vigumu kudai kwamba uhusiano huo umetokana na vipimo vingi wanavyofanyiwa au na kutokuzaa peke yake. Kwa maoni yangu, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote tulio nao kwamba ugonjwa wa kwanza una mkono katika kuutokeza wa pili.

Matundu ya cheche yalipatikana mapema zaidi. Mwaka 2010 timu iliyoongozwa kutoka Vancouver nchini Kanada ilisoma jeni za saratani zenyewe, ikakuta kwamba jeni iitwayo ARID1A ilikuwa imeharibika katika uvimbe 55 kati ya 119 wa seli angavu na 10 kati ya 33 wa endometrioidi. Katika uvimbe 76 wa serosi ya daraja la juu haikuharibika hata mmoja. Kazi ya jeni hii ni kutengeneza sehemu ya mtambo unaofungua na kufunga uzi wa vinasaba ili jeni nyingine zisomeke kwa wakati wake. Mtambo huo ukiharibika, seli hupoteza mpangilio wa kujua lini ikue na lini itulie. Lakini kilichonishika mimi katika taarifa ile ni wagonjwa wawili. Kwao badiliko la ARID1A lilionekana ndani ya saratani na pia ndani ya endometriosisi yenye seli zisizo za kawaida iliyopakana nayo, na halikuonekana katika endometriosisi iliyokuwa mbali zaidi mwilini. Yaani tundu lilitoboka kwanza kwenye endometriosisi, na saratani ikazaliwa humo. Sampson alihitaji picha hiyo maisha yake yote.

Kisha mwaka 2017 likaja jambo lililotulazimisha kuwa na unyenyekevu. Wanawake wenye endometriosisi iliyochimba ndani ya tishu, ambao hawakuwa na saratani yoyote, walisomwa jeni za vidonda vyao. Kati ya 24 waliosomwa kwa upana, 19 walikutwa na mabadiliko yaliyopatikana maishani, na watano walikuwa na mabadiliko katika jeni zinazojulikana kusukuma saratani: ARID1A, PIK3CA, KRAS na PPP2R1A. Endometriosisi ya namna hiyo ni nadra kugeuka saratani. Baadaye tafiti kutoka Japani zilionyesha kwamba hata ukuta wa kawaida wa mji wa mimba, kwa mwanamke mzima wa afya, hubeba baadhi ya mabadiliko haya. Kwa hiyo tundu moja halitoshi. Mahali nalo pana neno. Ndani ya uvimbe wa chokoleti damu ya zamani huacha chuma kingi, na chuma hicho huzalisha kemikali zinazojeruhi vinasaba. Tishu ya endometriosisi hujitengenezea yenyewe homoni ya estrojeni, huku ikiwa nzito kuisikia projesteroni inayopaswa kuituliza. Na kuvimba kwa tishu kusikoisha huita seli za kinga zinazochochea ukuaji. Seli iliyo na tundu, ikikaa miaka ishirini katika mazingira hayo, ina nafasi kubwa zaidi ya kutobolewa tena.

Najua baadhi yenu mmeanza kuhesabu miaka yenu na maumivu yenu. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kutoka jimbo la Utah, Marekani, uliofuatilia wanawake 78,893 waliothibitishwa kuwa na endometriosisi na kuwalinganisha na wenzao wasio nayo. Kwa jumla walikuwa na uwezekano wa saratani ya ovari mara nne zaidi, na wale wenye uvimbe wa chokoleti au endometriosisi iliyochimba, karibu mara kumi. Namba hizo zikisomwa redioni zinatisha. Lakini saratani ya ovari ni ugonjwa adimu, na mara nne ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo: katika kila wanawake 10,000 wenye endometriosisi, wagonjwa wa saratani ya ovari wanaoongezeka ni takriban kumi. Hao wengine maelfu wataishi na endometriosisi na kuzeeka bila kuijua saratani hii. Hakuna daktari mwenye busara atakayemwambia binti wa miaka ishirini na mitano atolewe ovari kwa sababu ya endometriosisi peke yake, na ikiwa yupo anayewaambia hivyo, tafuteni mwingine wa pili wa kumuuliza.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo hutumiwa pia kutuliza maumivu ya endometriosisi, hupunguza uwezekano wa saratani ya ovari kadiri vinavyotumiwa kwa miaka mingi, na upungufu huo huendelea hata baada ya kuacha. Haviwafai wote, mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kupata damu kuganda miguuni ana sababu ya kuviepuka. Lakini uvumi kwamba vidonge hivyo huozesha ovari ni kinyume cha ukweli, na nimesikitika kuusikia hata kwa watu wa kada yetu.

Kuna mkanganyiko mwingine. Watu wengi wamesikia kuhusu jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazoleta saratani ya matiti na ovari katika familia. Hizo husababisha zaidi ile serosi ya daraja la juu, na kuwa na endometriosisi si dalili ya kuwa nazo. Ugonjwa wa kurithi unaokaribiana zaidi na mada yetu ni ule wa Lynch, ambao unatokana na kuharibika kwa jeni zinazosahihisha makosa ya kunakili vinasaba, na ambao huleta katika familia moja saratani ya utumbo mpana, saratani ya mji wa mimba, na saratani ya ovari, mara nyingi ya endometrioidi au ya seli angavu. Ndiyo maana mkunga akisikia kwamba mjomba alikufa kwa saratani ya utumbo akiwa na miaka arobaini, na shangazi alitolewa kizazi kwa saratani, anapaswa kuliandika, hata kama mgonjwa amekuja kwa sababu ya tumbo la hedhi tu.

Sasa nifike kwetu. Wagonjwa wa ule uchunguzi wa Queensland walikuwa wa asili ya Ulaya. Wale wa Oxford walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Sisi hatumo. Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilifundisha kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye nafasi, na kwamba mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga ana maambukizi. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha matokeo ya wanawake weusi aliowatazama kwa kamera ndani ya tumbo: zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi, na takriban wanne kati ya kila kumi miongoni mwao walikuwa wameandikiwa kuwa wana maambukizi ya nyonga. Ni karibu nusu karne sasa, na bado ninapokea kichupa cha mwanamke ambaye amekunywa antibayotiki za PID, yaani maambukizi hayo ya nyonga, mara sita au saba kabla mtu hajafikiria kutazama ndani. Ramani za jeni zisizotuhusisha haziwezi kutusaidia kikamilifu, kwa kuwa tofauti za jeni hapa Afrika ni nyingi kuliko kwingineko kote duniani, na alama inayoonyesha hatari kwa mwanamke wa Brisbane huenda isionyeshe kitu kwa mwanamke wa Bukoba.

Niwaeleze habari ya mama yangu mdogo, ambayo watoto wa dada yake tumeridhia ielezwe. Aliumwa chango tangu akiwa shule. Alipokuwa na miaka 38 alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja ambayo sitaitaja, akatolewa uvimbe uliojaa damu nzito, akaambiwa umetoka wote na aende nyumbani kwa amani. Uvimbe ule ulitupwa. Hakuna aliyeupeleka maabara, kwa sababu kipimo kilikuwa cha kulipiwa na hakuna aliyemweleza faida yake. Miaka tisa baadaye tumbo lilianza kujaa maji. Safari hii kipande kilipelekwa, na mwenzangu aliyekisoma aliandika: saratani ya seli angavu, na kando yake endometriosisi. Aina hiyo ikikutwa mapema, ikiwa bado ndani ya ovari, wagonjwa wengi hupona kwa upasuaji. Ikikutwa imesambaa, haisikii vizuri dawa za platini tunazozitegemea kwa saratani nyingine za ovari. Kwake ilikuwa imesambaa. Sijui kama kile kilichotupwa kilikuwa tayari na seli zisizo za kawaida, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu jibu lilikuwapo ndani ya beseni la chumba cha upasuaji na hatukulisoma.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapasuaji ni kwamba kila uvimbe unaotolewa kwenye ovari uende maabara, hata ule unaoonekana kwa macho kuwa ni chokoleti tu. Najua ugumu wake. Najua kwamba katika wilaya nyingi ni ndugu wa mgonjwa ndiye hupewa kichupa, akakiweka kwenye mfuko na kupanda nacho basi hadi hospitali ya rufaa. Mweleweshe ndugu huyo anabeba nini. Fomalini iwe ya kutosha kuzidi kipande mara kumi, maana kipande kilichooza hakisomeki, na jeni zilizomo hazitasomeka hata miaka ishirini ijayo tutakapokuwa na mashine.

Kwa ndugu zangu wa patholojia: tusiandike saratani ya ovari tukaishia hapo. Tuandike aina. Tuandike kama kuna endometriosisi pembeni, na kama seli zake si za kawaida. Pale ambapo aina ni ya endometrioidi au ya seli angavu, tupendekeze vipimo vya protini za kusahihisha vinasaba ili familia zenye Lynch zijulikane, mahali ambapo kipimo hicho kinapatikana. Na vile vipande vya nta tunavyohifadhia tishu tusivitupe.

Kwa kina mama: mwenye uvimbe wa chokoleti anayejulikana afuatiliwe kwa utrasaundi, hasa akikaribia kukoma hedhi. Uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, au ambao ndani yake kipimo kimeonyesha nyama iliyoota, au maumivu yaliyobadilika tabia baada ya miaka ya kuwa yale yale, ni sababu ya kurudi hospitali wiki hiyo hiyo. Binti anayekosa shule kila mwezi kwa sababu ya hedhi naye apelekwe, wala asisubirishwe mpaka aolewe.

Karatasi za maombi nimekuja nazo, zipo kwenye meza iliyo karibu na mlango. Nimeongeza mistari minne kwa mkono kabla ya kuzinakili: maumivu ya hedhi na yameanza lini, ugumba, upasuaji uliotangulia, na saratani katika ukoo kwa upande wa mama na wa baba. Kuijaza kunachukua muda usiozidi dakika tatu. Nitabaki hapa hadi adhuhuri kwa wenye maswali, na kwa mwenye swali asilotaka kuuliza mbele za watu, muuguzi mkuu ametupatia chumba cha pembeni.